Hafla imekwisha na kila mtu amerudi kivyake: idara itajengaje jumuiya ya kitaaluma?

Swali

Mimi ni mhadhiri, na mwaka huu mkuu wa idara amenikabidhi jukumu la kuimarisha jumuiya ya kitaaluma kati ya wanafunzi na wafanyakazi. Tumefanya hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, siku ya michezo ya wahadhiri dhidi ya wanafunzi, na tumefungua kundi la WhatsApp la idara nzima. Watu walijitokeza kwa wingi. Baada ya wiki chache hali ikarudi ile ile: wanafunzi wanaingia kwenye mhadhara, wanasaini mahudhurio, wanaondoka, sisi wahadhiri tunakutana kwenye vikao vya mitihani tu, kundi la WhatsApp limebaki la matangazo. Wanafunzi wetu wengi wana ajira na wanaishi mbali na chuo. Tumekosea wapi, na tuanzie wapi? Na hilo kundi tulifunge?

Jibu

Mwalimu mwenzangu,

Usijute kuandaa hafla. Watu wamejuana sura na majina, na hilo lina faida yake. Ila hafla huwakutanisha watu bila kuwapa jambo la kufanya pamoja kesho yake, na jumuiya ya kitaaluma huota kwenye jambo hilo la kesho yake. Watu wa chuo wameunganishwa na kazi moja: kusoma, kuuliza, kupima, kuandika, kusahihishana. Kazi hiyo inafanyika katika idara yenu kila siku, lakini inafanyika mafichoni. Mhadhiri anahangaika na makala yake peke yake mpaka ichapishwe. Mwanafunzi anahangaika na zoezi lake peke yake mpaka alikusanye. Hakuna anayemwona mwenzake akihangaika. Karibu yote nitakayokushauri ni njia za kuitoa kazi hiyo nje, ionekane na watu waigawane.

Kwanza tuone kwa nini michezo haikufika mbali. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport, akichunguza chuki baina ya makundi ya watu, alieleza kwamba kuwakutanisha tu hakutoshi. Kukutana huzaa maelewano pale wahusika wanapokuwa na hadhi sawa katika shughuli ile, wanapolenga jambo moja, wanapolazimika kusaidiana ili walipate, na taasisi yao inapowaunga mkono waziwazi. Ipime siku yenu ya michezo kwa vigezo hivyo. Hadhi ililingana kwa saa chache uwanjani, lakini timu zenyewe ziliwapanga wahadhiri upande huu na wanafunzi upande ule, kila upande ukitafuta kumshinda mwenzake. Kesho yake mwanafunzi akarudi kuwa namba ya usajili na mhadhiri akarudi kuwa mtoa alama.

Hadhi sawa ni ngumu kuipata chuoni kwa sababu mmoja anamsahihisha mwingine. Mahali pekee ninapoona inapatikana kwa kweli ni mbele ya swali ambalo hata profesa hana jibu lake. Chuo kikuu cha Berlin kilipoanzishwa mwaka 1810, Wilhelm von Humboldt alikijenga juu ya wazo hilo: mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi, wala mwanafunzi kwa ajili ya mwalimu, wote wawili wapo kwa ajili ya elimu inayotafutwa. Ndiyo maana naanza na semina.

Semina za idara nyingi ni jukwaa la kazi iliyokwisha. Mtoa mada anakuja na slaidi zilizong'arishwa, maprofesa wawili wanauliza maswali ya kuoneshana ujuzi, watu wanapiga makofi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyejitahidi kuhudhuria anaondoka akiamini kwamba wasomi huzaliwa wakijua. Igeuzeni. Mtoa mada alete kazi iliyomkwama: data isiyoleta maana, hoja yenye tundu, sura ya tasnifu isiyosimama, makala iliyokataliwa na jarida pamoja na maoni ya wahakiki wake. Atume kurasa 2 siku chache kabla, siku yenyewe aeleze tatizo kwa dakika 15, na muda wote uliobaki uwe wa waliohudhuria kulifanyia kazi tatizo hilo kwa pamoja.

Wekeni kanuni chache na mzishike bila kulegea. Wanafunzi ndio wanaoanza kuuliza, na wakubwa wananyamaza mpaka maswali 3 ya wanafunzi yawe yametoka. Ukimya wa siku za mwanzo utawakera; uvumilieni, maana wanafunzi wanapima kama kweli mnataka kusikia au mnafanya adabu. Mkuu wa idara awe wa kwanza kuleta kazi iliyokwama. Akianza mhadhiri mdogo, kila mtu atasoma kwamba kukwama ni jambo la wadogo. Na wazo la mwanafunzi likiisaidia kazi, jina lake liingie kwenye shukrani za makala, au kwenye orodha ya waandishi kama mchango wake unafikia kiwango hicho. Wahadhiri wengine watasita kuonesha udhaifu mbele ya watu wanaowafundisha. Nawaelewa. Lakini nimeona mara nyingi kwamba heshima haipungui mhadhiri anaposema "hapa sijui". Kinachopungua ni woga wa mwanafunzi kulisema neno hilo yeye mwenyewe, na woga huo ndio unaowafanya wakae kimya mhadharani mwaka mzima.

Kuhudhuria semina, hata hivyo, bado ni kuangalia. Inabidi mtu apate na kipande cha kazi mkononi. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia na wanagenzi wao, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger wakaeleza jinsi mtu anavyoingia katika jumuiya ya wenye ujuzi. Mwanagenzi huanzia pembezoni, kwenye kazi ndogo ambazo ni za kweli: kushona vifungo, kupinda pindo. Muda wote huo anaona vazi zima linavyokatwa na kuunganishwa, na kadiri anavyozoea ndivyo anavyosogezwa katikati. Kaeni kama idara mjiulize ni kazi zipi ndogo za kweli mnazoweza kumpa mwanafunzi wa mwaka wa pili: kuhakiki marejeo ya makala, kujaribu hojaji kabla ya kwenda uwandani, kuandika mahojiano kutoka kwenye rekodi, kusafisha data, kusoma mswada kama msomaji wa kwanza na kusema ni wapi alipopotea. Huko Marekani, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) kilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa wao, ukiongozwa na mwanafizikia Margaret MacVicar, na tangu hapo vyuo vingi vimefuata njia hiyo. Hamhitaji kuanza kwa ukubwa huo. Wahadhiri wanne wenye kazi mbili mbili za kugawa wanatosha kwa muhula mmoja.

Angalizo: anayepewa kifungo aonyeshwe na vazi. Ukimpa mwanafunzi rekodi za mahojiano ayaandike bila kumweleza swali la utafiti ni lipi, wala kumwita siku ya kuchambua majibu, umempata kibarua wa bure, naye atalijua hilo mapema kuliko unavyodhani.

Umeniambia wanafunzi wenu wengi wana ajira na wanaishi mbali. Hili ndilo linalonifanya nisikushauri shughuli za jioni au za mwisho wa wiki. Vincent Tinto, ambaye maandishi yake ya mwaka 1975 kuhusu sababu za wanafunzi kuacha chuo yamekuwa msingi wa tafiti nyingi, alitenganisha mtu kuzama katika maisha ya kijamii ya chuo na kuzama katika maisha yake ya kitaaluma. Baadaye alisisitiza kwamba kwa mwanafunzi anayekuja na kuondoka, darasa huenda ndilo mahali pekee anapokutana na wenzake na walimu wake. Asipojumuishwa humo, hakuna pengine atakapojumuishwa. Kwa hiyo chochote mnachokitaka kidumu, kiingizeni ndani ya ratiba ya masomo. Semina niliyoieleza iwe na saa yake kwenye ratiba, saa ambayo hakuna kozi nyingine ya idara inayofundishwa. Jambo hili la ratiba linachosha kulipigania, na ndilo litakaloamua kama yote mengine yatafanyika.

Ndani ya kozi, tazameni zaidi mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakifeli hisabati ya mwaka wa kwanza ilhali wenzao wenye asili ya China walifaulu. Walimu walikuwa na majibu tayari: hawana motisha, wametoka shule dhaifu, familia haziwasukumi. Treisman akayafuatilia kwa karibu mazoea yao ya kusoma, akayakuta majibu hayo hayasimami. Wanafunzi weusi walikuwa wakisoma kwa bidii, lakini kila mtu peke yake. Masomo yalikuwa upande mmoja na marafiki upande mwingine. Wale wenye asili ya China walisoma peke yao kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakakosoana, na swali likiwashinda wote walijua kwamba ni gumu kwelikweli na si wao walio wajinga. Yule anayesoma peke yake hana namna ya kulijua hilo.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho ninachotaka mkiige. Hakuwafungulia darasa la kuwaokoa walio nyuma. Aliwaita kwenye warsha ya watu wanaotarajiwa kufanya vizuri, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayafanye kwa vikundi. Matokeo yao yalipanda sana. Mpango mwingine, ulioanzishwa na Deanna Martin katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City mwaka 1973, ulifuata mantiki hiyo hiyo kwa njia tofauti: ulichagua kozi zenye kufelisha wengi badala ya kuwachagua wanafunzi wanaofeli. Mwanafunzi aliyekwisha kufaulu kozi hiyo huhudhuria tena mihadhara pamoja na wanaoisoma, kisha huongoza vipindi vya kujadiliana vilivyo wazi kwa yeyote. Hafundishi upya, anawasaidia kuipanga mada na kuulizana. Chagueni kozi yenu moja ngumu kuliko zote, tafuteni wanafunzi wawili au watatu wa mwaka unaofuata, walipwe au wapewe cheti chenye maana, na vipindi viwe mara baada ya mhadhara, kabla watu hawajaondoka chuoni. Mkiviita vipindi vya "wanafunzi dhaifu" mtakuwa mmeviua siku ya kwanza, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana akiingia mlango huo.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza kuna na jambo dogo lisilo na gharama. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 utafiti ambamo wanafunzi walisoma simulizi za waliowatangulia, zikionesha kwamba kujihisi mgeni chuoni huwapata watu wa kila aina mwanzoni na hupungua kadiri muda unavyokwenda; kisha wakaandika jinsi simulizi hizo zinavyofanana na yao. Zoezi lilichukua takriban saa 1. Alama za wanafunzi Wamarekani weusi, ambao ndio waliokuwa na sababu kubwa ya kujiona hawatakiwi mahali pale, ziliendelea kupanda katika miaka mitatu iliyofuata. Siwaahidi matokeo kama hayo. Nashauri tu kwamba siku ya kuwakaribisha wageni, hotuba moja ya viongozi ipunguzwe na nafasi yake wapewe wanafunzi wa mwaka wa tatu waeleze wiki zao za mwanzo zilivyokuwa.

Usimamizi wa tasnifu pia unaweza kufunguliwa kidogo. Mhadhiri mwenye wanafunzi sita huwaona mmoja mmoja na kurudia maneno yale yale mara sita. Awaite pamoja mara moja kwa mwezi, kila mmoja asome ukurasa wa mwenzake kabla ya kuja, na mashauri ya faragha yabaki kwa mambo ya faragha. Muda anaoutumia utapungua, na wao watapata watu wa kuwauliza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Kuhusu mahali: Leon Festinger na wenzake walichapisha mwaka 1950 uchunguzi wa nyumba za wanafunzi wenye familia pale MIT, wakakuta kwamba urafiki ulifuata umbali wa milango, na kwamba waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walijuana na watu wengi zaidi. Watu hufahamiana pale njia zao zinapopishana. Ikiwa mwanafunzi hapiti kamwe kwenye korido ya wahadhiri isipokuwa kwa shida au kwa kuitwa, hamtajuana. Meza mbili na ubao wa kuandikia karibu na ofisi zenu, na mhadhiri mmoja akikaa hapo kwa zamu katika saa za kuonana na wanafunzi badala ya kungojea nyuma ya mlango, vitafanya mengi.

Swali lako limetaja wafanyakazi, lakini mifano yako yote ni ya wahadhiri. Mkutubi anajua wanafunzi wenu wanahangaika na vyanzo gani. Fundi sanifu wa maabara anajua jaribio lipi linaharibika kila mwaka na kwa nini. Ofisa wa masomo anajua nani anakaribia kuacha chuo, mara nyingi kabla ya mwalimu wake. Wahadhiri wa muda wanabeba sehemu kubwa ya ufundishaji na hawaalikwi kwenye lolote. Waalikeni hawa kwenye semina, matatizo yao yaletwe mezani kama mengine, na wale wa muda walipwe kwa saa hizo.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo mengine yote nisingeyashauri. Ukaribu kati ya anayetoa alama na anayepewa una hatari, na chuo kinachohubiri jumuiya bila kuweka mipaka kinawaweka wanafunzi wake hatarini. Rushwa ya ngono, upendeleo, kutumwa kazi za nyumbani za mwalimu, kisasi kwa aliyehoji: mambo haya hustawi kwenye giza. Kila nilichokieleza kinafanyika hadharani na kwa vikundi, na nimekichagua kwa makusudi. Andikeni mipaka kwa lugha ya wazi, mwanafunzi ajue anamlalamikia nani nje ya idara, na malalamiko yakija yashughulikiwe bila kujali cheo cha mtu. Mwanafunzi mmoja aliyeadhibiwa kwa kuuliza swali kwenye semina atawanyamazisha wengine wote, na itachukua miaka kuurudisha mdomo wao.

Linaloenda pamoja na hilo ni sauti. David McMillan na David Chavis, walipochambua mwaka 1986 vinavyomfanya mtu ajihisi mmoja wa jumuiya, walitaja miongoni mwake kwamba mtu aone anaweza kubadili kitu ndani yake. Wanafunzi wanajaza fomu za tathmini kila muhula na hawajui zinaishia wapi. Muhula ukianza, kila mhadhiri achukue dakika 10 kueleza: waliowatangulia walisema hivi, nimebadilisha hili, hili sikulibadilisha kwa sababu hii. Sababu ya kukataa ina uzito sawa na badiliko lenyewe.

Wahadhiri wenzako watakuuliza muda utatoka wapi, nao wana haki ya kuuliza. Mwambie mkuu wa idara mapema kwamba uongozi wa semina na vikundi uhesabiwe kwenye mzigo wa kazi na kwenye maombi ya kupanda cheo. Kazi hii ikiachwa iwe ya kujitolea, itawaangukia wale wale, aghalabu vijana na wanawake, mpaka wachoke.

Usipime mafanikio kwa idadi ya waliohudhuria. Mwishoni mwa muhula jiulize mambo haya: Je, mwanafunzi akikwama anaweza kutaja wenzake watatu na mhadhiri mmoja wa kuwaendea? Kuna swali la mwanafunzi lililobadili kazi ya mhadhiri? Wahadhiri wawili wamesomeana andiko bila kulazimishwa na kikao? Ukipata "ndiyo" moja kati ya hizo, endelea na hilo lililoizaa.

Kwa muhula wa kwanza chukua mambo mawili tu: semina ya kazi zilizokwama na vipindi vya kozi ile moja ngumu. Mengine yatangoja.

Na kundi la WhatsApp usilifunge. Liache liwe la matangazo, maana watu wanayahitaji, na wanaotuma wawe viongozi pekee ili lisisumbue. Kisha fungua vikundi vidogo vya watu 6 hadi 8 kwa ile kozi ngumu, kila kimoja na mwanafunzi wake aliyetangulia, bila mhadhiri ndani yake. Wahadhiri muwe mnaletewa swali moja kwa wiki kutoka kila kikundi, lile ambalo wamelijadili likawashinda, na mlijibu mwanzoni mwa mhadhara unaofuata mbele ya darasa zima, mkitaja kikundi kilicholileta.